Mpiganaji Hawi Mganga kwa Usiku Mmoja

Huenda ukashangaa kumwona mzee wa miaka yangu, aliyemaliza utumishi wake akiwa mwalimu mkuu, anashika kalamu kugombana na kanuni za mchezo wa vijana. Lakini ugomvi wenyewe ulinifuata barazani kwangu, hapa Bigwa, chini ya milima ya Uluguru. Mimi sikuutafuta.

Mjukuu wangu, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sokoine, huja kila Jumamosi na wenzake wanne kucheza mchezo uitwao Dungeons & Dragons. Ulitolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Si mchezo wa kushindana kama bao. Mmoja wao huongoza hadithi ya safari, wengine kila mmoja hushika mhusika wake na kusema anatenda nini, na dadu ndizo huamua kama amefaulu. Kila mhusika ana fani yake: yuko mpiganaji, yuko mwizi, yuko mtu wa dini, na yuko yule aliyejifunza mizungu katika vitabu. Huyu wa mwisho wao humwita mchawi. Mimi neno hilo silipendi, maana huku kwetu limepata kuwafukuzisha watu vijijini mwao, kwa hiyo nitamwita mganga wa vitabu.

Basi Jumamosi moja mpiganaji wa mjukuu wangu alipanda daraja, naye akatangaza kwamba tangu hapo yeye ni mganga wa vitabu pia. Nikamwuliza, "Amesomea wapi?"

Wakacheka wote. "Babu, hapana haja ya kusomea. Kanuni inaruhusu."

Nikaomba hizo kanuni nizisome. Nilizisoma wiki nzima, za sasa na za zamani, kwa miwani na kwa hasira.

Kanuni ya mwaka 2014, ambayo kwa sehemu kubwa ndiyo iliyobaki katika kitabu cha 2024, inadai jambo moja tu: mhusika awe na kiasi cha 13 katika kipaji kinachohusika na fani aliyo nayo, na 13 katika kile cha fani anayoitaka. Akifikisha hapo, kila apandapo daraja anachagua mwenyewe alipeleke wapi. Jana alikuwa anafyeka watu kwa upanga, leo anasoma maandiko ya siri. Kanuni yenyewe haimdai mwalimu, wala siku moja ya kukaa chini. Tena vijana wameniambia bila haya kwamba wajuzi wa mchezo huchota daraja moja tu katika fani ya pili, kwa sababu daraja la kwanza ndilo lenye zawadi nyingi, kisha hurudi walikotoka. Huko ndiko kuonja chungu cha kila jirani bila kupika hata kimoja.

Kanuni za mwaka 1978, alizoandika Gygax, zilikuwa kali kama mwalimu wa zamu. Binadamu aliyetaka kubadili fani alitakiwa awe na 15 katika kipaji kikuu cha fani ya kwanza na 17 katika cha fani mpya. Ukirusha dadu tatu za kawaida, njia za kuanguka ni 216, na zinazokupa 17 au 18 ni nne tu. Akishahama, hawezi tena kuendelea katika fani ya kwanza. Anaanza daraja la chini kabisa. Nguvu za mwili alizozipata zinabaki, lakini ujuzi wa zamani anauweka kando mpaka daraja lake jipya lipite lile la zamani. Akiutumia kabla ya hapo, safari ile yote haimpatii hata alama moja ya uzoefu.

Vijana wanasema huo ni ukatili. Mimi naiunga mkono karibu yote, kwa sababu nimepata kuiishi kabla sijaijua.

Mwaka 1984 mshahara wangu ulikuwa haufiki tarehe kumi na tano. Nyote mliokuwa watu wazima miaka ile mnaikumbuka foleni ya sukari na sabuni. Nikaamua kujifunza useremala. Fundi niliyempata mjini alikuwa kijana niliyemfundisha mwenyewe hesabu katika darasa la saba. Kila nilipofika aliniamkia kwa adabu zote, "Shikamoo, Mwalimu," kisha akanipa msasa. Miezi minne sikugusa randa. Nilisugua miguu ya vitanda vya watu.

Siku moja alikosea kupiga hesabu ya mbao mbele ya mteja, nami nikamsahihisha. Nilikuwa sahihi. Hakunijibu neno, lakini siku ile hakunionyesha kitu chochote, wala Jumamosi iliyofuata. Nikajifunza, taratibu kuliko mwanafunzi wangu yeyote, kwamba kila nilipouvaa ualimu pale karakanani, somo la siku hiyo lilinipita. Ndiyo kanuni ile ya 1978, neno kwa neno, na hakuna aliyeiandika ukutani.

Ilichukua zaidi ya miaka miwili. Nilipoweza kuunganisha ulimi na tundu bila msumari na kiungo kisicheze, fundi aliniomba mwenyewe nimwonyeshe namna ya kupata pembe mraba kwa kamba ya 3, 4 na 5. Hapo ualimu wangu ulirudi, ukakaa pamoja na useremala. Madawati ya shule yangu niliyatengeneza kwa mikono hii, na watoto niliwafundisha pembe kwa kutumia madawati hayohayo.

Lakini nisijisifu. Alama zangu za miaka ile ziligawanyika. Madaftari ya darasa la sita yalilala juma zima bila kusahihishwa. Wako watu wazima hapa mjini, nawafahamu kwa sura, ambao hawakuelewa hesabu za sehemu kwa sababu mwalimu wao alikuwa anasugua vitanda. Hiyo ndiyo gharama ambayo kanuni mpya imeifuta, na ndiyo inayonikasirisha. Wamemfundisha kijana kwamba fani ya pili huongeza tu, haipunguzi.

Nimesema naiunga mkono karibu yote. Kipengele kimoja nakikataa kabisa. Mwaka 1978 ruhusa ya kufanya fani mbili kwa wakati mmoja, na kugawa alama nusu kwa nusu, ilipewa viumbe wa hadithi, elfi na wenzake. Binadamu alinyimwa. Najua sababu yao: elfi wamewekewa kikomo cha daraja, binadamu hana kikomo, kwa hiyo mizani inalingana. Lakini hebu mtunga kanuni huyo angepanda Mgeta alfajiri moja. Angemkuta mama aliyemaliza kupalilia kabichi kwenye mteremko, amekamua mbuzi wa maziwa, anashuka na mzigo kichwani kwenda kuuza, na jioni yeye ndiye mkunga wa jirani. Huyo ni elfi? Kwetu ni binadamu ndiye mwenye fani nyingi, tena hakuomba ruhusa ya kitabu.

Mtu atanipiga na methali: mshika mbili, moja humponyoka. Naijua, nimewaandikisha watoto mara elfu. Ofisa mmoja alinipiga nayo pia, akaongeza na miiko ya uongozi ya Azimio la Arusha la 1967. Miiko ile ilimkataza kiongozi kuwa na mishahara miwili. Haikumkataza kuwa na ujuzi wa aina mbili. Kinyume chake, ilimtaka awe mkulima au mfanyakazi, na Elimu ya Kujitegemea ya mwaka huohuo ilimtia jembe mwalimu mkononi. Azimio la Zanzibar la 1991 lilipoilegeza, wengi walikimbilia mshahara wa pili. Msasa haukuwa na foleni.

Nilimpelekea kijana anayeongoza mchezo pendekezo langu. Binadamu aruhusiwe fani mbili, ama moja baada ya nyingine ama kwa pamoja, lakini awepo mwalimu ndani ya hadithi, na upanga ukae alani wakati wa mafunzo. "Babu, mchezo ni wa kufurahisha," mjukuu wangu akalalamika. Mwongozaji akasema tujaribu.

Jumamosi ya kwanza mpiganaji alibeba mkoba wa mganga mzee njia nzima, akafagia pango. Jumamosi ya pili wakavamiwa darajani, naye hakuweza kujizuia, akachomoa upanga, akawaokoa wote. Mwongozaji akampongeza, kisha akamwandikia sifuri. Mjukuu wangu hakumtazama mwongozaji. Alinitazama mimi.

"Hao watu wangekufa, Babu," akasema.

Nikamwambia najua, na kwamba ningechomoa hata mimi. Akachukua kifutio, akarudi kwenye mkoba.