Starlet ya Mathe Haitaki Turbo, Inataka Redieta

Wasee, tuongee ukweli. Niliposti Starlet ya mathe ikiwa haina injini, bonneti wazi kama mdomo wa mtu amepigwa na habari mbaya, na karibu kila mtu akaniambia kitu kimoja: "Buda, weka turbo." Hakuna hata mmoja aliyeuliza ile ya kwanza ilikufa na nini.

Hiyo ndiyo shida yangu na sisi vijana wa magari. Gari ikifiwa na injini tunaiozesha ingine kabla matanga kuisha.

Basi niwaambie ilikufa na nini. Hii ni EP91, na kazi yake ni kutoa mboga Marikiti alfajiri kupeleka kibandani. Si gari ya kuringa. Miaka kadhaa iliyopita fundi mmoja wa mtaa alitoa themostati "ndio isichemke," akaweka maji ya mfereji badala ya kulanti. Mnaijua hiyo dawa, nusu ya magari ya zamani Nairobi yamepewa. Sasa skiza. Bila themostati injini inachukua muda mrefu kupata joto lake, kompyuta inadhani bado ni baridi, inaendelea kumwaga petroli zaidi. Maji matupu nayo yanakula chuma ndani kwa ndani, kutu inasafiri mpaka kwa redieta, matundu yanaziba moja baada ya ingine. Siku ya siku, jam ya Jogoo Road, sindano ikapanda. Mathe akasema acha nifike tu. Hakufika. Hedi ilipinda, pistoni zikakwaruza silinda, na hadithi ikaishia hapo.

Sasa niambie, ningeweka turbo juu ya redieta hiyo hiyo, ingekaa wiki ngapi?

Sitaki mniite mzee. Najua 4E-FTE ni nini. Ni ile ya Glanza V, cc 1331 kama tu ya kwetu, lakini na turbo inatoa nguvu za farasi 135 kwa kagari kepesi hivyo. Tamu sana. Na kuna hoja moja yenu siwezi kuikataa: Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, injini ya kawaida inapoteza nguvu hapa, turbo inairudisha. Sawa, nakubali. Lakini Toyota hawakuchukua hiyo injini wakaidumbukiza tu kwa Starlet ya kwenda sokoni. Glanza ilikuja na breki zake, giaboksi yake na kontrol boksi yake. Nyinyi mnataka niweke moyo wa duma kwa mbuzi, halafu mathe ateremke nayo na magunia matatu ya sukuma nyuma akisimamishwa na breki za mbuzi. Kama una doo ya kufanya yote vizuri, nunua Glanza nzima. Ni rahisi kuliko kuishona vipande vipande.

Wa pili ni wale wa 1NZ. Hawa wana akili kidogo, na ndio walinisumbua usingizi. 1NZ-FE ni cc 1497, inatumia cheni badala ya mkanda wa taimingi, na iko kwa Probox, Fielder, Vitz, kila kona. Spea zake zinauzwa hadi karibu na duka la mandazi. Lakini haikuzaliwa kwa Starlet. Maunti hazilingani, ekzosi yake inatokea upande wa nyuma wakati ya 4E iko mbele, waya ni zingine, kontrol boksi ni ingine. Injini yenyewe utaipata, lakini pesa itaishia kwa kuchomelea na kuunganisha. Na siku gari ikizima Embakasi na wewe hauko, fundi atakayefungua bonneti atakuta fumbo. Mathe atamwambia nini? "Kijana wangu ndiye anajua"?

Kwa hivyo nilirudi kwa ukoo wake. Kulikuwa na mawili. 5E-FE, cc 1497, ile ya Raum ya kwanza, ni ndugu wa damu wa 4E na inaingia bila vita. Ama 4E-FE yenyewe, ambayo pia iko kwa Corolla 110 za cc 1300, kwa hivyo msiniambie spea zimeisha. 5E ilinivutia, sidanganyi. Nilichukua 4E kwa sababu ya kuchosha kabisa: cc za logbuku zinabaki vile vile, nabadilisha namba ya injini tu NTSA. Bima haina la kuuliza.

Halafu kuna kununua penyewe. Kirinyaga Road wengi wanakuuzia usafi. Injini imeoshwa inang'aa, unaambiwa imetoka Japan juzi. Starlet ziliacha kutengenezwa 1999, kwa hivyo hakuna ya juzi hapo, kuna iliyotunzwa na iliyochoka. Mimi nilienda na kipimo cha kompresheni cha kuazima. Muuzaji wa kwanza alikataa nipime, nikamwachia yake. Wa pili alikubali, silinda tatu zikalingana, ya nne ikaanguka mbali, kwaheri. Ya tatu zote nne zilikaa pamoja. Nikafungua kifuniko cha oili, hakuna uji mweupe, hakuna matope. Namba haijakwanguliwa. Risiti ikaandikwa namba hiyo hiyo, kwa sababu injini bila karatasi inaweza kuwa ya gari ya mtu analia Dandora, na polisi wakikuja hawatakuuliza kama ina turbo.

Doo iliyobaki, ile mlitaka niinunulie turbo, ilienda hivi: redieta mpya, themostati mpya, pampu ya maji, mkanda wa taimingi, sili za oili zikibadilishwa injini ikiwa bado chini, kulanti ya ukweli, na breki pedi. Hakuna hata kimoja utakachopigia picha. Video ya redieta ndiyo imepata watazamaji wachache zaidi kwa chaneli yangu yote, na bado ningeirudia.

Jumamosi tulienda Marikiti pamoja. Kurudi, jam ya Jogoo Road, jua, magunia nyuma. Mathe alikuwa anaangalia sindano kuliko barabara. Ilikaa katikati mpaka nyumbani.