Faili la Ouko liko wapi?

Kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, Nairobi

Mheshimiwa,

Kila kiongozi anapofariki ghafla, serikali hutuomba tuache uvumi, tungoje uchunguzi. Haya, tumengoja. Dkt. Robert Ouko, Waziri wa Mambo ya Nje, alitoweka nyumbani kwake Koru usiku wa kuamkia tarehe 13 Februari 1990. Siku tatu baadaye tukatangaziwa kwamba mwili umepatikana kilima cha Got Alila, si mbali na kwake: umeungua, mguu umevunjika, risasi imepita kichwani. Kando palikuwa na bastola, tochi na jerikeni ya dizeli.

Polisi wakadokeza kwamba alijiua. Mheshimiwa, wewe ni wakili, hebu tupangie tukio hilo. Alijimwagia dizeli, akajiwasha, kisha akatulia kulenga kichwa chake? Au alijipiga risasi kwanza, ndipo akatafuta kiberiti? Na mguu je, aliuvunja saa ngapi? Hakuhitajika daktari kuuliza hayo. Kisumu na Nairobi watu waliingia barabarani.

Hata John Troon, mpelelezi aliyeletwa kutoka Scotland Yard, alisema ni mauaji. Lakini Tume ya Jaji Evans Gicheru, iliyokuwa ikichunguza kifo hicho, ikavunjwa na Rais Moi Novemba 1991 kabla ya kuandika ripoti. Aliyekuwa Mkuu wa Wilaya (DC) wa Nakuru akashtakiwa kwa mauaji hayo, akaachiliwa 1994. Baadaye ikaja kamati ya Bunge. Ripoti yake Bunge lenyewe likaikataa 2010.

Wala Ouko si wa kwanza. Machi 1975 Bunge liliambiwa mbunge J.M. Kariuki yuko Zambia, ilhali mwili wake ulikuwa umeshaokotwa Ngong. Anayekumbuka hilo, ukimwambia leo kwamba fulani amekufa kwa ajali, atakuuliza ajali gani. Tabia hiyo tumefunzwa na ofisi za serikali zenyewe, kwa hiyo msitukaripie.

Kosa la kuua halizeeki kisheria. Tuambie kwa maandishi kama faili la Ouko bado liko wazi, liko mikononi mwa nani, na lilifunguliwa mara ya mwisho lini. Kama lilifungwa, taja tarehe na sababu. Na ushahidi wote uliotolewa mbele ya Tume, pamoja na ripoti ya Troon, uwekwe kwenye Nyaraka za Taifa kwa ukamilifu, ili mwanafunzi kutoka Koru akitaka kuusoma asilazimike kumpigia mtu magoti.

Wako,
Mlipa kodi