Dawa ya kuziba jino: ghali si lazima iwe bora

 

Juma hili ninayo barua ya mama mmoja wa Nyahururu. Bintiye mwenye umri wa miaka 19 ametoboka meno mawili: moja la mbele, juu, na gego moja la chini ambalo limeoza ubavuni, karibu kabisa na ufizi. Siku hizi, mama anasema, binti huyo akicheka huziba mdomo kwa kiganja.

Walipomwona daktari wa meno waliambiwa kuna dawa mbili za kuziba zinazofanana na rangi ya jino, moja ghali, nyingine nafuu. Pesa za mama hazitoshi kuziba meno yote mawili kwa ile ya ghali. Jirani naye amemshauri ayang'oe yote, yaishe. Mama anauliza: "Je, nikubali ile ya bei nafuu au ningoje nipate pesa? Maana wahenga walisema rahisi huvunja upishi."

Mama, kwanza usimsikize jirani. Jino la ukubwani likishang'olewa halioti tena. Meno ya kando huanza kulalia pengo, na la upande wa pili, likikosa mwenzake wa kutafuna naye, huweza kusogea kutoka mahali pake. Tena jino bandia la kuziba pengo aghalabu hugharimu zaidi ya kuziba tundu.

Sasa tuzitazame dawa zenyewe.

Ile ya ghali huitwa kompositi. Ni aina ya plastiki iliyochanganywa na chembe ndogo mno za kioo. Msingi wake uliwekwa na Mmarekani Rafael Bowen, aliyepewa hataza mwaka 1962. Daktari hupaka jino asidi kidogo ili lipate kukwaruzika, akapaka gundi, kisha akajaza kompositi tabaka kwa tabaka, kila tabaka unene wa milimita 2 hivi, huku akilimulika kwa taa ya mwanga wa samawati hadi ligande. Mwishowe huling'arisha. Kazi ikifanywa vyema, hata wewe mwenyewe utatafuta penye tundu usipaone. Tena ina nguvu ya kustahimili kutafuna.

Ila adui yake ni mate. Jino likilowa wakati wa kazi gundi haishiki sawasawa, dawa huvuja pembeni, na jino huendelea kuoza chini kwa chini ilhali juu linapendeza. Ndiyo maana huhitaji muda, umeme na mkono wenye subira.

Ile ya bei nafuu huitwa glasi ayonoma. Ni unga wa kioo maalumu unaokorogwa na maji yenye asidi. Ilibuniwa London na Alan Wilson na Brian Kent, waliotangaza kazi yao mwaka 1972. Hii hushikana na jino yenyewe, huvumilia unyevu kuliko kompositi, na hutoa floridi, madini yanayosaidia kulikinga jino. Kasoro yake ni kwamba haina mng'aro wa jino halisi, huchakaa upesi, na tundu likiwa kubwa mahali pa kutafunia huweza kuvunjika.

Hata hivyo, usiidharau. Ni hapa kwa jirani zetu Tanzania, katikati ya miaka ya 1980, ambapo madaktari walianzisha njia ya kukwangua uozo kwa vyombo vya mkono tu, bila mashine wala umeme, kisha kuziba. Njia hiyo ikaenea duniani kwa kutumia glasi ayonoma. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliitia dawa hii katika orodha yake ya dawa muhimu.

Kwa hivyo mama, swali si ipi bora, bali ni tundu liko wapi. Jino la mbele linaonekana na ni rahisi kulikausha: hapo pesa zako zitumike kwa kompositi. Gego lililooza karibu na ufizi, penye mate tele, glasi ayonoma yaweza kulifaa sana. Mweleze daktari hali ya mfuko wako bila haya, umuulize: tundu hili litakauka? Litabeba uzito wa kutafuna? Nirudi lini likaguliwe?

Lakini usingoje. Uozo ukifika kwenye neva, kuziba pekee hakutatosha. Itabidi kutibu mzizi au kung'oa, na gharama itapanda. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Na mwenye watoto asikie: meno ya utotoni pia huzibwa, na mara nyingi glasi ayonoma hutosha. Ile dawa ya rangi ya fedha, amalgamu, ina zebaki. Mwaka 2022 nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata zilikubaliana isitumiwe kwa meno ya utotoni, kwa walio chini ya miaka 15, wala kwa wajawazito na wanaonyonyesha, ila daktari akiona ni lazima. Kama unayo tangu zamani na haina ufa, usikimbilie kuitoa.

Hakuna dawa ya kuziba inayodumu penye uchafu. Binti apige mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa yenye floridi, na apunguze sukari katika chai.

Nawe mama, akishazibwa, niandikie unijulishe kama kile kiganja kimeondoka mdomoni.

Hadi Jumapili ijayo, kwaheri.