Dawa ya miti si maji ya kunywa: wauzaji waache kucheza na vichwa vya wakimbizi

Ninyi familia mliohama makwenu, leo sitazunguka.

Kambini na sokoni wanapita watu wenye vichupa visivyo na jina. «Dawa ya mawazo», wanasema, «ni miti tu, haina ubaya.» Mama asiyelala tangu vita vifike kijijini kwake anainunua kwa pesa ya unga. Anauziwa uongo unaoweza kuua.

Mti unaotuliza kichwa unaingia kwenye ubongo. Seli za ubongo zinaongea kwa kutumiana kemikali, na kila kemikali ina kipokezi chake, kama ufunguo na kufuli. Datura, yenye maua kama tarumbeta, ina atropini na skopolamini. Hizo zinaziba kufuli za asetilikolini. Mdomo unakauka, moyo unapiga mbio, mtu anaongea na watu wasiokuwepo. Halafu majirani wanasema amerogwa! Wanamfunga kamba badala ya kumkimbiza kituo cha afya.

Rauvolfia ya misitu yetu ni nyingine. Mizizi yake ina reserpini, inayozuia seli kuweka akiba ya dopamini na serotonini. Mgonjwa anatulia. Katika miaka ya 1950, hospitali za Ulaya na Marekani ziliwapa reserpini wagonjwa wa akili. Basi wazee wetu hawakuwa wajinga. Lakini inashusha presha, na inaweza kuzidisha huzuni. Kumpa mtu aliyefiwa na watoto, bila kumpima, ni kamari.

Na ninyi wauguzi mnaocheka miti, mna sehemu yenu. Mgonjwa akiona aibu anaficha alichokunywa, nanyi mnamwongezea dawa juu ya dawa.

Kwa hiyo nadai mambo matatu. Mganga ataje jina la mti na kipimo chake. Anayekataa, msinunue kwake. Muuguzi aulize bila matusi. Na familia, mtu akichanganyikiwa baada ya kunywa dawa, mpelekeni haraka pamoja na kichupa au majani yaliyobaki.

Mganga wa kweli hataogopa maswali hayo. Atakayekasirika ni mchuuzi, na huyo akasirike tu. Sisi tumekwisha kupoteza nyumba na mashamba. Akili zetu hatumpi mtu azichezee.