Mizani ya Samaki na Baiskeli ya Kaboni

Katika mji wa Tanga, ambako baiskeli ni mguu wa mfanyakazi, wa mwanafunzi na wa mchuuzi, nimeona miaka ya karibuni vijana wakiagiza kutoka China fremu za kaboni zisizo na jina la mtengenezaji, nyeusi tii, nyepesi hata mtoto huweza kuinua moja kwa mkono mmoja, kwa azma ya kujiundia wenyewe baiskeli za kupandia milima ya Usambara. Nami niliagiza yangu, ingawa umri wangu umewapita, na tangu hapo nimesikia juu ya fremu hizi kauli mbili ambazo zote naona hazina insafu. Ya kwanza ni ya waoga, wasemao kwamba kaboni rahisi ni mauti. Ya pili ni ya wauzaji, wasemao kwamba ukishaipata fremu umemaliza kazi, yaliyobaki ni boliti tu. Sidai kwamba kila fremu isiyo na jina imeundwa vyema. Lakini yakini yangu, baada ya kuiunda moja na kuiugua, ni kwamba hatari iliyo karibu zaidi na mnunuzi haiko kiwandani bali iko kwenye hizo boliti, na kwamba fedha aliyoiokoa katika fremu si halali yake mpaka ameitolea kwanza sehemu ya kulipia kipimo, na mikono ya fundi anayekifahamu kipimo hicho.

Wala asidhani mtu kwamba kujiundia baiskeli ya mlimani kwa vipande vya bei nafuu ni bidaa ya leo. Mchezo wenyewe ulizaliwa hivyo. Katika wilaya ya Marin, California, kando ya Mlima Tamalpais, vijana wa miaka ya 1970 walizitafuta baiskeli nzito za Schwinn za zamani zilizokwisha tupwa, wakazivua mapambo, wakateremka nazo njia za mawe. Tarehe 21 Oktoba 1976 walishindana kwa mara ya kwanza katika mteremko walioubandika jina la Repack, kwa sababu breki zao zilikuwa ndani ya haba ya nyuma, yaani kitovu cha gurudumu, zile zifungwazo kwa kurudisha pedeli, nazo zilipata moto hata grisi ikawa moshi, ikabidi haba ifunguliwe na kujazwa upya kabla ya kuteremka tena. Mwaka 1977 mmoja wao, Joe Breeze, akaanza kuunda fremu zilizokusudiwa kazi hiyo.

Tofauti yetu na wao ni maumbile ya kitu tulichokishika. Chuma kina uungwana kwa fundi: kikizidiwa hupinda kabla ya kukatika, na jicho huona. Kaboni haina tabia hiyo. Ni nyuzi nyembamba kuliko unywele, zilizolazwa tabaka juu ya tabaka na kushikamanishwa kwa gundi ya epoksi iliyoivishwa kwa joto, kila tabaka likielekezwa upande ambao mhandisi alitaraji nguvu ipite. Ikivutwa upande huo hukishinda chuma cha uzito wake, lakini ikiminywa kwa nje, kama kibano cha tandiko kinavyoiminya, yaweza kupasuka ndani kwa ndani huku rangi ya juu ikiendelea kung'aa.

Nilipoipokea fremu yangu niliipeleka kwenye banda la fundi wa mtaani kwetu, mzee aliyeanza kazi hii akitengeneza Raleigh na Phoenix, ambaye siku hiyo ndiyo ya kwanza kwake kuigusa kaboni. Aliigeuzageuza kwa staha, kisha akatia kidole pale panapopita ekseli ya pedeli, akaipitia hesi kwa ukucha, akasema, "Hii naijua, mwanangu. Ya Raleigh ni laini zaidi." Na ndivyo ilivyo hasa. Hesi ile, yenye nyuzi 24 katika inchi moja, huitwa mpaka leo kwa jina la BSA, kiwanda cha Birmingham kilichoanza na bunduki kikaja kuunda baiskeli walizopanda babu zetu; ya Raleigh za zamani ilikuwa na nyuzi 26. Mimi nilikuwa nimekwisha kukishika kikombe cha beringi cha upande wa cheni, tayari kukikaza kwa kaida ya parafujo zote, naye akanizuia mkono, kwa kuwa upande huo hukazwa kwa kuzungushwa kinyume, ili mwendo wa pedeli usikifungue. Na angaliniacha, ningaliila hesi ya fremu ambayo haijakanyaga barabara. Kwa hiyo namnasihi kila anayeagiza fremu achague yenye hesi, aiache ile ambayo beringi zake hushindiliwa tu ndani ya tundu tupu, kwani tundu hilo lataka usahihi wa sehemu ndogo sana ya milimita, na usahihi wa namna hiyo ni ghali.

Palipokuwa na mashaka ni penye kukaza. Fundi wetu, kama mafundi wote niwajuao, hukaza kwa kifundo cha mkono mpaka ahisi boliti imekaa, na kwa chuma hisia hiyo haikumhini hata siku moja. Lakini juu ya kibano cha tandiko langu paliandikwa nambari 5, yaani nyutoni-mita 5 na isizidi, na spana ya kupimia nguvu hakuwa nayo yeye wala jirani zake. Nikamweleza kwamba nguvu hiyo ni karibu sawa na uzito wa kilo 5 ukivuta kutoka sentimita 10 za boliti. Alinyamaza kidogo, kisha akamtuma kijana wake kwa mchuuzi wa samaki wa kibanda cha pili, aliyerudi na mizani ya springi yenye ndoana, ile ya kupimia changu na nguru. Tulifunga uzi mwekundu kwenye ufunguo wa pembe sita, sentimita 10 kutoka kwenye kona yake, tukaitia ndoana hapo, fundi akavuta taratibu, mizani ikiwa pembe mraba na ufunguo, mpaka mshale uliposoma 5. Akaachia. Akarudia kuvuta kwa mkono mtupu ili kifundo chake kijue, akasema kwamba yeye angaliikaza mara mbili ya hapo.

Laiti ningaliyashika hayo tangu siku ile! Wiki chache baadaye, nikiwa njiani kutoka Soni kwenda Lushoto, tandiko liliteremka; nikalikaza mwenyewe barabarani bila mizani, likateremka tena, nikakaza zaidi. Ndipo ukaanza mlio. Ulikuwa mkwaruzo mkavu, mmoja kwa kila mzunguko wa mguu, nao ulionekana dhahiri kutoka chini, kwenye pedeli. Kwa muda wa miezi miwili niliutafuta huko: nilifungua vikombe, nikapaka grisi, nikanunua beringi mpya zisizohitajika, nikabadili hata pedeli. Mlio haukupungua. Fremu ya kaboni ni kasha tupu lenye kuta nyembamba, mfano wa kibuyu cha zeze, na sauti inayozaliwa pembe moja husikika pembe nyingine. Mwenye kulifuata sikio lake hutumia fedha mahali pasipo na ila.

Mzee hakufungua kitu. Aliniamuru niendeshe mbele ya banda lake nikiwa nimeketi, kisha nisimame juu ya pedeli niendelee kukanyaga, kisha niketi tena bila kukanyaga. Niliposimama mlio ulitoweka. Basi asili yake ilikuwa juu, kwenye bomba la tandiko, na tulipolichomoa tulikuta grisi ya kawaida niliyoipaka kwa mazoea ya chuma, iliyochanganyika na vumbi jekundu la Usambara. Grisi hiyo ndiyo iliyoliteremsha tandiko, na kuteremka huko ndiko kulikonifanya nikaze kupita kiasi. Chini ya kibano palikuwa na mstari mwembamba. Fundi alichukua sarafu ya shilingi 200 akagonga polepole, kidogo kidogo, kutoka palipo pazima kuelekea kwenye mstari, akisikiliza kama sauti itakuwa nzito na butu, ambayo ni dalili ya tabaka zilizoachana. Lakini iliendelea kuwa kali na moja kote. Jaribio hilo si hukumu ya mwisho, na mpaka leo mahali hapo hupakagua kila mwezi. Ila siku hiyo tuliridhika kwamba ni rangi tu iliyochanika. Tukafuta grisi yote, tukapaka marhamu maalumu ya kaboni yenye chembe ndogo mithili ya mchanga, ambayo huongeza mshiko hata nguvu ndogo ikatosha, tukakaza kwa mizani, kilo 5. Mlio ukakoma.

Nimelieleza jambo hili kwa urefu kwa sababu humo ndimo ilimopotea akiba yangu. Nyingine ilipotea kwa kutosoma. Nilipenda giya 12 za Shimano Deore zilizotoka mwaka 2020, ambazo giya ndogo kabisa ya nyuma ina meno 10, nikanunua pamoja nazo ringi rahisi yenye haba ya mtindo wa zamani isiyoweza kuzipokea, ambayo upana wa ekseli yake ulikuwa milimita 142 hali fremu yataka 148. Ringi hiyo ingali ukutani. Na breki za sahani nazo zina sharti lake, ambalo kijana wa bandani alilijua kwa hasara: alitia mafuta kila kinachozunguka, kama ilivyo desturi njema kwa baiskeli ya chuma, pedi zikayanywa, na pedi iliyokunywa mafuta haishiki tena.

Nayasema haya kwa sababu nasikia baadhi ya vijana wakijigamba kwamba kwa baiskeli kama hizi hawana haja tena na fundi wa chini ya mwembe, bali hujifunza kila kitu wenyewe kwa simu. Namheshimu anayejifunza. Lakini sikio lililotenga mlio wa tandiko na mlio wa pedeli kwa dakika tano halikupatikana kwa simu, na mzee yule hakukosa kitu ila nambari. Nambari zenyewe zimechapwa juu ya vifaa kwa maandishi madogo ya kigeni. Nani atamzuia mwagizaji asizitie kwenye karatasi moja ya Kiswahili, aifunge pamoja na fremu? Na vyuo vyetu vya ufundi stadi vingemwita mzee kama huyu kwa wiki mbili, akapewa spana ya kupimia na akaombwa naye afundishe, sidhani kwamba angekataa.

Mizani ya kuazima ilikuwa na udhia wake, kwani ilibidi irudi kibandani kabla ya mashua kuingia asubuhi. Mwezi uliopita nilipopita bandani niliikuta mizani mpya, isiyonuka samaki, ikining'inia kwenye msumari pamoja na ufunguo wenye uzi mwekundu, na kwenye ubao, kwa chaki, nambari tatu: tandiko 5, usukani 5, mkono wa pedeli 12.