Dhahabu Nayo Hufanya Kazi

Wanaosema dhahabu haimenyuki na kitu hawakutunga uongo. Hoja yao imo kidoleni mwao. Mtu huvaa pete akifua, akiosha vyombo, akiogelea baharini, na miaka 30 baadaye haijashika kutu. Nakubali hayo yote kwa pete. Siyakubali kwa chembe.

Kwanza, ukubwa. Chembe yenye upana wa nanomita 3 ina atomu zisizofika elfu moja, na zaidi ya theluthi yake ziko juu na kwenye kona, zikiwa na majirani wachache wa kuzishika. Hizo ndizo zinazonasa molekuli. Mwaka 1987 Masatake Haruta wa Japani alionyesha kwamba chembe za namna hii, zikikalishwa juu ya oksidi inayofaa, huigeuza kaboni monoksidi kuwa kaboni dayoksidi hata katika baridi ya chini ya nyuzi sifuri.

Asiyeridhika na atazame jaribio hili. Maji yenye nitrofenoli na sodiamu borohidridi huwa ya manjano iliyokolea, na hubaki hivyo muda mrefu. Yatie matone machache ya maji mekundu yenye chembe za dhahabu, maana dhahabu ikiwa chembe huwa nyekundu. Baada ya dakika chache manjano yote imetoweka. Kilichopatikana ni aminofenoli, malighafi ya parasetamoli. Dhahabu imebaki ile ile.

Ni kweli kwamba chembe hizi hugandamana zikapungukiwa nguvu, ndiyo maana hupachikwa juu ya kaboni au oksidi ya titani. Hilo ni suala la kuzitunza tu.

Pili, na hili ndilo ninalolipenda zaidi: dhahabu huchagua. Glukosi ina ncha moja ya aldehidi na vikundi vitano vya alkoholi. Mwaka 2002 watafiti wa Milano walionyesha kwamba dhahabu juu ya kaboni, ndani ya maji yenye oksijeni, huigusa ncha ile tu na kutoa asidi ya glukoniki. Platini na paladi, ingawa ni metali zinazosifiwa kwa nguvu zao, hugusa hata visivyotakiwa, na nyuso zao huziba mapema. Upole ule tulioudharau ndio unaotufaa hapa.

Wala maji si chombo tu cha kubebea. Mwaka 2010 watafiti wa Marekani waliitia alama oksijeni walipokuwa wakioksidisha gliseroli kwa dhahabu. Oksijeni iliyoingia kwenye zao ilitoka majini. Ile ya gesi ilikuja kupokea elektroni zilizobaki juu ya dhahabu.