Mtoto wa chekechea atenge vitu kabla ya kuandika nambari

Pana maradhi yaliyoenea katika shule zetu za chekechea, nayo ni pupa ya nambari. Mtoto wa miaka minne hutarajiwa kujaza daftari kwa tarakimu kutoka 1 hadi 50, na mzazi akiona kurasa zimejaa alama za vyema, huridhika kwamba karo yake haikupotea. Mwalimu anayewaketisha watoto mkekani watenge kokwa na vizibo vya soda hudhaniwa kuwa anapoteza wakati. Mtazamo huu una madhara, na haufai kunyamaziwa.

Yafaa ieleweke kwamba nambari haianzi kwa kuandikwa. Huanza pale mtoto anapotambua kuwa vitu hivi vinafanana na vile vinatofautiana. Ukimtaka ahesabu mbuzi waliochanganyika na kondoo zizini, sharti kwanza ajue yupi ni mbuzi na yupi siye. Asiyeweza kutenga ataimba tu "moja, mbili, tatu" kama kasuku. Vivyo hivyo, mtoto anayempa kila mwenzake kikombe kimoja, kisha akaona vikombe vimebaki, amekwisha kung'amua maana ya "zaidi" hata kabla ya kuijua tarakimu yoyote.

Mtaalamu wa Uswisi, Jean Piaget, pamoja na mwenzake Bärbel Inhelder, walichapisha mwaka 1959 kitabu kuhusu jinsi watoto wanavyoainisha vitu. Walidhihirisha kuwa kazi hii si nyepesi kama watu wazima wanavyodhani. Mwekee mtoto wa miaka mitano maua sita mekundu na mawili meupe, kisha umwulize: yapi mengi zaidi, maua mekundu au maua yote? Aghalabu atajibu kwamba ni mekundu. Mtoto huyo si mjinga. Bado hajaweza kuliona kundi dogo likiwa ndani ya kundi kubwa. Uwezo huo hukomaa polepole, kwa kushika vitu na kuulizwa maswali, wala hauletwi na kukariri.

Waliotunga mtaala wetu walilijua jambo hili. Katika mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, shughuli za hisabati za chekechea hutanguliza kutenga vitu na kuviweka katika makundi, kuvioanisha, kuvipanga kwa utaratibu na kutambua ruwaza. Nambari hufuata baadaye. Mbona basi mambo ni kinyume katika madarasa mengi?

Sababu ya kwanza ni hofu. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 hairuhusu shule za umma kuwachuja watoto kwa mtihani wakati wa kuwaandikisha, lakini wazazi wangali wakiamini kuwa mlango wa gredi ya kwanza hufunguliwa na daftari lililojaa. Sababu ya pili ni hali ya walimu. Katiba ya mwaka 2010 ilizikabidhi kaunti elimu ya chekechea, na wengi wa walimu hao hufanya kazi kwa mikataba na malipo duni. Mwalimu aliyeachiwa peke yake darasa lililofurika huona ni afadhali aandike ubaoni, watoto wanakili.

Hata hivyo, ukosefu wa vifaa usiwe kisingizio. Muuza mboga sokoni hupanga nyanya kwa mafungu, kubwa mbali na ndogo, mbivu mbali na mbichi, wala hakununua kifaa chochote. Mwalimu naye aweza kutumia kunde, maharagwe, majani, vijiti na kokoto. Aanze kwa sifa moja, kama vile rangi. Watoto wakizoea, avichanganye vitu vilevile na kuwataka wavitenge kwa ukubwa. Kisha awape vijiti wavipange kutoka kifupi hadi kirefu. Muhimu zaidi ni lile swali, "Kwa nini umekiweka hiki hapa?" Jibu la mtoto ndilo litakaloonyesha anavyofikiri. La kutahadhari ni kwamba mbegu na kokoto ndogo huweza kutiwa puani au kumezwa, basi mwalimu asiondoe macho.

Shughuli hizi pia zifanywe kwa lugha anayoielewa mtoto. Anayekua akizungumza Kiswahili husema "kikombe kikubwa" na "mti mkubwa" bila kufundishwa ngeli, kwa kuwa lugha yenyewe imemzoeza kuyaweka maneno katika makundi. Kumnyang'anya lugha hiyo siku anapoingia darasani ni kumwongezea mzigo asiouhitaji.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Tukitaka wanafunzi wasioogopa hisabati katika shule za upili, kaunti ziwaajiri walimu wa kutosha na kuwalipa ipasavyo, na maafisa wanaokagua chekechea waache kuhesabu kurasa zilizoandikwa. Wazazi nao, jioni wanapochagua maharagwe, wampe mtoto ungo wake, atenge mazima na mabovu, kisha wamwulize ni yapi mengi.